Isidore Bakanja, Mfanyakazi Aliyepumzika Katika Mungu

Kila mtu afanyaye kazi hutamani pumziko. Mkulima hutoka shambani jua likishuka, akaliegemeza jembe ukutani na kutafuta kigoda chake. Mchoma makaa hungoja siku nyingi porini hata tanuru lake lipoe. Mchimbaji wa shaba hutoka ardhini macho yake yamejaa vumbi. Mama aendaye sokoni Lubumbashi na karai la muhogo kichwani hutazama mbele kama ataona mwembe wenye kivuli. Mwenyezi Mungu hakutuumba kwa chuma. Alituumba kwa mavumbi, naye ajua kwamba twachoka.

Lakini liko jambo la kushangaza. Wako watu walalao usiku kucha, nao huamka wamechoka kuliko walipolala. Mwili ulilala, lakini moyo ulikesha: ulikesha kwa sababu ya deni, kwa hofu ya wachawi, kwa hasira juu ya jirani, kwa tamaa ya mali. Watu wa namna hii hukimbia tangu Januari hata Desemba, wala hawajui wanakimbilia wapi. Basi, pumziko la kweli liko wapi?

Leo tutalitafuta jibu katika maisha ya ndugu yetu mmoja, mwana wa nchi hii ya Kongo. Hakuwa padri, hakuwa chifu, hakuwa mtu wa shule nyingi. Alikuwa kibarua, tena boi wa nyumbani. Naye aliuawa kwa sababu alipopata nafasi ya kupumzika, alipumzika kwa kusali. Jina lake ni Mwenye Heri Isidore Bakanja.

1. Nchi isiyojua pumziko

Bakanja alizaliwa kati ya mwaka 1885 na 1890 katika kabila la Waboangi, upande wa magharibi ya kaskazini mwa Kongo, nchi ya mito mikubwa na misitu minene. Hatuna hati ya kuzaliwa kwake, kwa maana siku zile hapakuwa na mwandishi wa kuandika watoto wa vijijini. Lakini Mungu aliliandika jina lake.

Ilikuwa miaka ya taabu kubwa. Tangu mwaka 1885 hata 1908 nchi yetu ilihesabiwa kuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Wazungu wa nchi za mbali walitaka pembe za ndovu, na zaidi sana walitaka mpira. Mpira ule haukutoka katika mashamba; ulitoka katika mitambaazi ya mwituni. Kila kijiji kiliagizwa kuleta kiasi fulani. Wanaume waliingia msituni siku nyingi, wakalala katika maji na matope. Waliporudi na vikapu visivyojaa, walipigwa kwa kiboko. Wake zao walikamatwa na kufungwa mpaka mpira utimie. Mashamba yakaota majani, njaa ikaingia, vijiji vikahama. Mtu hakuwa na wakati wa kupanda, wala wa kuzika wafu wake kwa heshima, wala wa kukaa na watoto wake jioni.

Tarehe 15 Novemba 1908 dola ya Ubelgiji iliitwaa nchi mikononi mwa mfalme. Sheria zilianza kubadilika, lakini katika vituo vya mbali, ndani ya misitu, kiboko kilikuwa bado kikining'inia ukutani.

2. Kibarua wa waashi

Bakanja alipokuwa kijana aliondoka kwao, akashuka mpaka Mbandaka, mji ulioitwa wakati ule Coquilhatville. Huko alipata kazi ya kuwasaidia waashi. Alibeba matofali, alikoroga udongo, aliwapa mafundi vifaa vyao. Ni kazi ngumu, na jua la pale Ikweta halina huruma.

Katika mji ule alikutana na Wakristu. Karibu na Mbandaka walikuwako wamisionari Watrapisti, watawa waliotoka katika monasteri ya Westmalle nchini Ubelgiji. Watawa wa shirika hili hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Siku yao imegawanywa: saa ya sala, saa ya kazi ya mikono, saa ya kusoma, saa ya kulala. Kengele ikilia, mtu huacha jembe hata kama mstari haujaisha, akaenda mbele ya Mungu. Mtawa hafanyi hivyo kwa sababu anaidharau kazi. Anafanya hivyo ili akumbuke kwamba kazi si bwana wake.

Hapa sisi watu wa Katanga tuna jambo la kukumbuka. Wamisionari Wabenediktini waliofika katika nchi yetu mwaka 1910, wakitoka abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Brugge, walikuwa wana wa Benedikto yuleyule. Walifika mwaka uleule mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulipoanzishwa kwa ajili ya shaba. Hivyo king'ora cha kiwanda na kengele ya misioni vilianza kusikika pamoja. King'ora kiliwaita watu kazini. Kengele iliwaita kwa Mungu. Mwalimu wa Bakanja na mwalimu wa babu zetu walikunywa maji ya kisima kimoja.

Bakanja akaomba kufundishwa. Mchana alibeba matofali. Baada ya kazi alijifunza sala na mafundisho. Wala hakuharakishwa, kwa maana imani si uji wa kupikwa mara moja. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa, akapewa jina la Isidore. Tarehe 25 Novemba mwaka huo akapewa Kipaimara. Komunyo yake ya kwanza aliipokea tarehe 8 Agosti 1907, miezi kumi na mitano baada ya Ubatizo. Ninyi mnaohesabu miaka ya ukatekumeni na kuona ni mirefu, mtazameni huyu. Mbegu iliyokaa vizuri udongoni ndiyo iliyostahimili jua lilipokuja.

Wakati wa Ubatizo alipata vitu viwili ambavyo hakuviacha tena: rozari, na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyoungwa kwa uzi, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Si hirizi. Hirizi humfanya mtu adhani kwamba nguvu iko ndani ya kitu. Skapulari humkumbusha mtu kwamba yeye ni mtoto wa Maria na mtumishi wa Mwanawe. Kwa Bakanja lilikuwa vazi lake la Kikristu. Kwa vazi hilo alijulikana, na kwa ajili ya vazi hilo alichukiwa.

3. Sala katika saa ya mapumziko

Kazi ya Mbandaka ilipokwisha, Bakanja alikwenda upande wa mto Busira. Huko akaajiriwa kuwa boi wa mzungu mmoja aitwaye Reynders, mtumishi wa kampuni kubwa ya Wabelgiji iliyofanya biashara ya mpira na pembe za ndovu. Bwana wake alipohamishwa kwenda kituo cha Ikili, Bakanja alimfuata.

Mkubwa wa kituo cha Ikili aliitwa Van Cauter. Wenyeji walimpa jina la Longange. Mtu huyu hakutaka kusikia habari za dini. Aliwachukia wamisionari, kwa sababu waliona mambo yaliyofanywa katika vituo na kuyasema.

Bakanja alifanya kazi yake kwa uaminifu. Hatusikii popote kwamba aliiba, wala kwamba alikuwa mvivu. Lakini kazi ilipokoma, wenzake wakikaa kivulini, yeye alitoa rozari yake akasali. Wenzake walitazama. Walimwona mtu mchovu kama wao, aliyelipwa kidogo kama wao, mbali na nyumbani kama wao. Lakini uso wake ulikuwa umetulia. Wakataka kujua utulivu ule unatoka wapi. Baadhi yao wakamwomba awafundishe sala, naye akawafundisha. Hivyo ndugu yetu, pasipo kutumwa na mtu, akawa katekista wa kituo cha Ikili.

Longange aliposikia, alikasirika. Akamwamuru aache mambo hayo, akidai kwamba akiendelea kuwafundisha watu sala, kijiji kizima kitasali na hakuna atakayefanya kazi. Bakanja akaomba ruhusa arudi kwao. Akanyimwa. Akaamriwa avue skapulari. Hakuivua, akapigwa kiboko mara 25.

Wapenzi wakatekumeni, je, hamjasikia habari hii mahali pengine? Katika Kitabu cha Kutoka twajifunza kwamba wana wa Israeli walikuwa watumwa Misri, wakifyatua matofali. Musa alikwenda kwa Farao kumwomba awape watu siku chache waende jangwani kumwabudu Mungu. Farao akajibu kwamba watu hao ni wavivu, ndiyo maana wanataka kwenda kusali. Akawaongezea kazi: watafute majani ya kufyatulia wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue. Musa aliomba siku za ibada, naye Farao akaona uvivu. Bakanja alisali wakati wa mapumziko, naye Longange akaona hasara ya mpira. Mtu aliyeifanya mali kuwa mungu wake huogopa sana kuwaona watu wamepiga magoti, kwa maana mtu aliyepiga magoti mbele ya Mungu amekwisha kujua kwamba yeye si mali ya mtu.

4. Tarehe 2 Februari 1909

Siku ile Kanisa husherehekea Mtoto Yezu kutolewa hekaluni. Longange alimwona Bakanja, na skapulari ingali shingoni. Akaishika, akaikata, akaitupa kwa mbwa wake. Kisha akaagiza kiboko cha ngozi ya ndovu, chenye misumari miwili iliyotokeza nchani.

Watu waliamriwa kumshika Bakanja mikono na miguu, na mwingine kumpiga. Yule aliyeamriwa kupiga alitaka kukataa alipoiona misumari, lakini aliogopa. Kijana akapigwa mapigo zaidi ya 100. Mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Kisha akafungwa kwa minyororo miguuni, akatupwa katika nyumba ya kukaushia mpira. Vidonda vikaoza, wala hakupewa dawa.

Baada ya siku kadhaa ilisikika habari kwamba mkaguzi wa kampuni, Dörpinghaus, anakuja. Longange aliogopa mgonjwa asionekane, akaamuru apelekwe kituo kingine. Njiani Bakanja alijificha msituni. Mkaguzi alipopita, kijana alijitokeza kwake akijikokota. Mkaguzi alipouona mgongo ule alishtuka sana. Akamchukua katika mashua yake, akamlinda asiuawe, akamtia dawa. Lakini vidonda vilikuwa vimekwisha kufika mifupani.

5. Pumziko la moyo uliosamehe

Miezi sita Bakanja aliteseka. Alilala kifudifudi, maana mgongo haukuweza kugusa mkeka. Wakristu wa Busira walimpokea na kumwuguza. Hapa ndipo twaona pumziko la kweli ni nini.

Mgonjwa huyu alikuwa na sababu zote za kuchukia. Angaliweza kuhesabu mapigo usiku na mchana. Angaliweza kumlaani aliyemtesa, na hakuna ambaye angalimshangaa. Yeye alihesabu punje za rozari. Aliwaomba rafiki zake wawajulishe mama yake, hakimu na padri kwamba anakufa kwa sababu ni Mkristu.

Tarehe 24 Julai 1909 mapadri wawili Watrapisti walifika kwake. Wakamwungamisha, na kesho yake wakampa Komunyo na Mpako Mtakatifu. Walimsihi amsamehe mzungu aliyempiga. Akawajibu kwamba hana hasira naye, na kwamba atakapofika mbinguni atamwombea sana. Asante hii ya ajabu kwa mapigo mabaya haikutoka katika nguvu za mwanadamu. Ilitoka Msalabani, kwake Yeye aliyewaombea waliomsulubisha.

Tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Wakristu walikusanyika kusali. Bakanja, ambaye siku nyingi hakuweza kusimama, aliinuka. Akatembea polepole, kimya, katika shamba la migomba, rozari mkononi. Watu wakastaajabu. Kisha alirudi, akala kidogo, akalala, akafa. Walimzika pamoja na rozari yake na skapulari shingoni. Alikuwa kijana bado, na Ubatizo wake ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Longange alishtakiwa mbele ya mahakama, akahukumiwa kifungo. Maneno ya mashahidi yaliandikwa katika kesi ile, na kwa hiyo habari za Bakanja hazikupotea. Mwaka 1917 mifupa yake ilihamishwa na kuzikwa katika misioni ya Bokote. Tarehe 24 Aprili 1994 mjini Roma, maaskofu wa Afrika wakiwa katika Sinodi yao, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Siku hiyohiyo walitangazwa pamoja naye akina mama wawili wa Italia, Gianna Beretta Molla na Elisabetta Canori Mora. Kibarua wa Kongo akawekwa juu ya altare pamoja na akina mama waliolea watoto: wote walijua kazi, wote walijua uchovu.

6. Mafundisho kwetu

Kwanza, sala si adui wa kazi. Kanisa lina Isidore mwingine, mkulima wa Madrid nchini Hispania, aliyeishi zaidi ya miaka 800 iliyopita. Naye, kama ilivyosimuliwa na wazee, alisengenywa na vibarua wenzake kwamba anachelewa shambani kwa sababu ya kusali. Lakini bwana wake alipokwenda kuchungulia, aliona shamba limelimwa vizuri. Mkristu mvivu hawezi kujificha nyuma ya rozari. Bakanja alitoa saa za kazi kwa kazi, na saa za pumziko alimtolea Mungu. Sisi je? Saa za pumziko twazitolea nini? Wako wazipelekao kwenye pombe, wakarudi wamechoka maradufu, na mfuko ni mtupu.

Pili, heshimuni Siku ya Bwana. Mungu alifanya kazi siku sita na siku ya saba akapumzika. Si kwamba alichoka, bali alitaka kutuonyesha njia. Dominika mwekeni jembe chini. Mkitembea kwenda Misa, msitembee kama watu wanaofukuzwa. Kaeni na watoto wenu, tembeleeni mgonjwa, ongeeni na wazee. Mwenye kuajiri watu, wa kuchoma makaa au wa kuchimba madini, awape nao siku yao. Anayewanyima watu pumziko ili apate faida amekaa katika kiti cha Farao.

Tatu, kila jioni, kabla ya kuzima taa, simamisheni mawazo. Mkabidhini Mungu mambo ya siku: yaliyofanyika, yasiyofanyika, na yale ya kesho. Yezu Kristu amewaita kwake wote wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo. Hakusema waje wakiisha kuitua mizigo. Aliwaita waje nayo.

Nne, sameheni. Mwenye chuki hubeba adui yake mgongoni hata usiku. Bakanja hakuita ubaya jina jema. Alitaka hakimu ajue, ukweli usemwe na haki itendeke. Lakini hakuubeba ubaya ule moyoni mwake. Haki aliiachia mahakama na Mungu. Kwake alibakiza sala. Ndiyo sababu mtu mwenye mgongo uliochanwa alipumzika, na yule aliyemchana alihangaika kuficha alichotenda.

Wapenzi wakatekumeni, siku ya Ubatizo wenu inakuja. Msiikimbilie kama mtu anayewahi soko. Mwendeeni Bwana kwa mwendo wa Bakanja katika migomba: polepole, kimya, na sala mkononi. Na Mwenye Heri Isidore awaombee.

Maswali ya kujiuliza na ya kuzungumza pamoja na katekista

1. Kwa nini Longange aliogopa sala za Bakanja?
2. Skapulari na hirizi zatofautianaje?
3. Bakanja alifanya nini katika saa za mapumziko? Wewe wafanya nini?
4. Je, kumsamehe aliyekutesa ni kuficha kosa lake? Tazama alivyofanya Bakanja.
5. Ni mzigo gani moyoni mwako uliokuzuia kulala juma hili? Mwambie Yezu jioni hii.